Boksi Lililopimwa kwa Mkono

Pikapu ilikuwa imeshawashwa na Mizani ameshapanda juu ya mizigo, ndipo Fundi Sikio akakumbuka tochi. Akarudi ndani mbio, zile mbio za mtu wa miaka sitini na tatu ambapo miguu inatangulia na mwili unabaki nyuma ukishauriana, akatoka nayo akiipunga hewani.

"Shemeji! Tochi yako hii!"

"Kaa nayo," Mizani akajibu kutoka juu ya lundo. "Nimekushikia miaka ishirini na miwili. Ishike na wewe sasa, uone mkono unavyouma."

Dereva akacheka, majirani wakacheka, Sikio mwenyewe akacheka. Pikapu ilibeba karakana yote, iliyokuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Sikio: meza mbili za kazi, rafu, gunia la nyaya, vioo vya kompyuta vilivyoviringishwa kwenye mablanketi, na mbele kabisa ubao wa jina umesimamishwa wima kama abiria mwenye heshima zake: SIKIO NA MIZANI, MAFUNDI KOMPYUTA. Nyuma kulikuwa na makreti mawili yaliyopigiliwa misumari. Hayo Sikio aliyainua kwa mikono yake asubuhi ile, yeye upande huu, Mizani upande ule, magoti yakilalamika.

"Umeweka nini humu, mawe?" aliuliza.

"Vyuma chakavu."

"Chakavu gani hivi vizito? Au umemficha dada yako uondoke naye?"

"Dada abaki akupikie uji, mzee. Wewe umeshakuwa mtu wa uji."

Dada mwenyewe, mke wa Sikio, alikuwa amesimama mlangoni na utepe wa kupimia nguo shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, kwa ajili ya vijana wake wawili waliokwisha kuondoka kutafuta maisha, kila mmoja kwa njia yake. Yeye hakucheka. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Sikio akajisemea kwamba ndugu ni ndugu, hata akihamia mji wa pili tu. Pikapu ikakata kona, ubao ukainama kidogo kama unaaga, ikapotea.

Mizani alikuwa anahamia mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi, kufungua karakana kubwa zaidi. Sikio hakuwa anahama. Sikio alikuwa anaacha kazi, na hakuacha kwa kupenda. Aliacha kwa sababu mikono yake ilikuwa imekwisha. Au ndivyo alivyofanywa aamini.

Majina yao waliyapata kazini. Sikio alikuwa na mazoea ya kuinamisha kichwa na kuisikiliza mashine kabla ya kuifungua, kama daktari na kifua cha mtoto. Feni iliyochoka aliijua kwa kikohozi chake, diski inayokufa kwa kugonga kwake. Mizani yeye alikuwa na kiganja. Kila kompyuta ya mezani ina boksi la chuma kwa nyuma, pawa saplai, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani. Boksi zuri huwa zito, maana limejaa shaba na chuma. La kulaghai huwa jepesi, utadhani limetoka kiwandani kabla ya kujazwa. Mizani alikuwa akiliweka boksi kiganjani, akilipandisha na kulishusha kama mama anayechagua kabichi, macho kayafumba, kisha anatoa hukumu: "Zito. Zuri." Wateja walikuwa wanakuja na jamaa zao waone.

Na maboksi hayo yalikuwa ya Mizani peke yake. Miaka kumi na tano nyuma Sikio alifungua moja bila kusubiri. Boksi la namna hiyo huweka umeme tumboni hata likishachomolewa, na lile lilimrusha mpaka kwenye rafu. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia hakijajua moto wala baridi tangu siku hiyo. Ndipo ikawekwa sheria ya karakana: Sikio hafungui boksi. Analipima kiganjani, basi. Likiwa jepesi au lina neno, linakwenda meza ya Mizani. Likiwa zito linarudi mahali pake. Ilikuwa sheria nzuri. Iliokoa vidole tisa vilivyobaki.

Mwaka wa mwisho mashine zikaanza kurudi. Mteja anachukua kompyuta yake leo imepona, baada ya wiki mbili huyo, kaikumbatia tena. "Fundi, inazima tu. Nipo katikati ya kazi, inazima." Mizani alilitoa boksi mbele ya mteja, akalipima: zito, zuri. Kisha akamgeukia shemeji yake kwa sauti ya chini, ile sauti ya kuhurumia. "Labda lehemu, shemeji." Maana kulehemu ubao mkuu, ule wa ndani unaobeba viungo vyote vya kompyuta, ilikuwa kazi ya Sikio. Mara ya kumi hakusema tena kitu. Alitazama tu mikono. Na mkono ukitazamwa hutetemeka. Anayebisha na ajaribu.

Jioni Mama Pacha alikuwa akimpashia maji kwenye beseni, akitia chumvi, akiitumbukiza ile mikono na kuikanda kidole kwa kidole. "Umefanya kazi sana, Baba Pacha. Pumzika sasa." Siku moja kikombe cha chai kilimponyoka mbele ya wateja wawili. Hapo ndipo mambo yalipokwisha. Akamwachia Mizani karakana, vifaa, wateja na jina.

Siku ya tatu baada ya pikapu kuondoka, mkokoteni ulisimama mlangoni. Juu yake kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa shuka jeupe, na nyuma ya mkokoteni alitembea Bibi Chapa, taratibu, kama anayesindikiza jeneza. Bibi huyu alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mwembamba kama penseli, na sasa aliwachapia wanafunzi tasnifu zao nyumbani kwake.

"Hodi! Fundi, nimekuletea maiti yako. Hii ni mara ya tatu inakufa."

"Bibi, mimi nimestaafu."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Kustaafu kwa juzi bado ni kubichi. Nipe kiti."

"Kazi anayo Mizani sasa. Nitakupa namba yake, kahamia—"

"Nimesikia alikohamia. Saa nne ndani ya basi na dude hili pajani? Kwa umri wangu mimi ndiye wa kupakatwa." Akakaa bila kiti kuletwa, juu ya ndoo iliyogeuzwa. "Nina tasnifu ya binti mmoja, kurasa mia mbili na kumi. Zimebaki siku tisa. Jana nimepoteza kurasa kumi na moja kwa mpigo mmoja. Binti kanililia begani mpaka blauzi ikalowa. Siondoki hapa."

Sikio akaona bora aseme. "Bibi, hii inarudi kwa sababu yangu. Lehemu yangu haishiki tena. Mikono yangu..." Akainyoosha mbele yake.

Bibi Chapa akaitazama, huu, na huu. "Naiona," akasema. "Iko miwili."

 Sikio akaivuta meza ya jikoni mpaka dirishani.

Alivyobaki navyo vilikuwa vichache: mita ya kupimia umeme yenye nyaya zilizofungwa gundi, bisibisi tatu, brashi ya rangi, tochi ya Mizani, na kompyuta yake ya majaribio aliyoiita Babu, mashine ya miaka kumi na sita ambayo Mizani aliikataa akisema haina nafasi hata kwenye kaburi.

"Inazimaje?" akauliza. "Inaaga kwanza, au?"

"Iage nani? Inakata. Kama mtu aliyekukatia simu."

"Taa za nyumba zinacheza inapozima?"

"Hazichezi. Redio inaimba, feni inazunguka. Yeye peke yake ndiye anayesusa."

"Baada ya muda gani?"

"Zamani saa nzima. Sasa nikichapa tu, nusu saa. Nikitaka kuchapisha kurasa nyingi, au nikifungua yale mapicha ya binti ya michoro na rangi, haifiki dakika kumi."

Sikio akaiwasha, akainamisha kichwa. Aliisikia feni ya ndani ikizunguka vizuri. Kulikuwa na sauti moja aliyoitegemea na hakuisikia, lakini hakuijua mara moja ni ipi. Dakika ya ishirini na mbili kioo kikawa cheusi.

Akaanza mwanzo, kama alivyozoea, kwa kinachoonekana. Alijaribu soketi kwa taa na redio: nzima. Akabadilisha kebo ya ukutani kwa ile ya Babu. Ikazima. Akafungua kasha, akapiga brashi vumbi mpaka Bibi Chapa akapiga chafya nne na kusema hayo ni mavumbi ya Mahakama Kuu, ayaheshimu. Ikazima. Akang'oa kile kibamba cha kupozea kilichokaa juu ya ubongo wa mashine, akakuta dawa yake ya kupoza imekauka kama ugoro. Akaifuta kwa spiriti, akapaka mpya kiasi cha punje ya dengu, akafunga. Mkono wake ulipopaka ile punje alitarajia utaikosa. Haukukosa. Akawasha. Mashine ikaenda dakika ishirini na tano, ikazima. Akakishika kile kibamba: vuguvugu tu. Basi tatizo si joto la hapo.

"Umeshindwa?" Bibi Chapa akauliza.

"Nimeanza."

Akatoa vipande vya kumbukumbu, akarudisha kimoja kimoja. Ikazima kwa hiki, ikazima kwa kile. Kisha akawasha taa ya tochi na kufanya kile alichokuwa amekiogopa siku zote tatu, kwa kweli mwaka mzima: akauchunguza ubao mkuu, akatazama lehemu yake mwenyewe. Aliitazama pointi kwa pointi. Zilikuwa zinang'aa, nene chini, nyembamba juu, kama alivyofundishwa akiwa na miaka kumi na tisa. Akazibonyeza kwa ncha ya kijiti, mashine ikiwa inafanya kazi. Hakuna iliyotikisika, na mashine haikushtuka.

Akaizima tochi.

"Vipi?" Bibi akauliza.

"Lehemu ni nzuri."

"Ya nani?"

"Yangu."

Akachomoa kila kitu kisicho cha lazima: kisoma diski, kadi ya sauti, vyote. Mashine ikaishi dakika arobaini na tano. Hapo Sikio akasimama wima. Ukiipunguzia mzigo inaishi zaidi. Maana yake inakufa kwa njaa. Akachomeka mita kwenye waya wa njano unaopaswa kuwa na volti kumi na mbili kamili, akamwambia Bibi afungue yale mapicha ya binti. Tarakimu zikaanza kuteremka ngazi: kumi na mbili kasoro, kumi na moja na nusu, kumi na moja, kumi na nukta nane. Giza.

Ndipo akaijua ile sauti aliyoikosa. Akachana ukanda wa karatasi, akaushika nyuma ya boksi, pale ambapo feni ya pawa saplai hutoa pumzi. Karatasi haikupepea. Ilining'inia. Akagusa boksi, akavuta mkono haraka: lilikuwa linaunguza.

Akachomoa umeme, akafungua skrubu nne, akalitoa, na kwa mazoea tu akaliweka kiganjani, akalipandisha na kulishusha.

"Zito," akajisikia akisema. "Zuri."

"Zuri kitu gani, na limeniulia kurasa kumi na moja?" Bibi Chapa akasema. "We fundi, mtu mnene ndiye mzima?"

Sikio akabaki na lile boksi mkononi. Mahali hapo, kwa miaka kumi na tano, ndipo kazi yake ilipokuwa inaishia. Akageuka kushoto, ilipokuwa meza ya Mizani. Palikuwa na ukuta na alama nne za miguu ya meza sakafuni.

Akasubiri saa nzima. Akavaa kandambili za mpira. Mkono wa kushoto akautia mfukoni, na wa kulia, wenye kidole kilichokufa, ukashika bisibisi.

"Mbona mkono mmoja umeulaza?"

"Umeme ukikosa mkono wa pili hauna njia ya kupitia moyoni."

"Hata watu wako hivyo," Bibi Chapa akasema, akasogea aone.

Kifuniko kikafunguka. Ndani, pale panapopaswa kujaa koili za shaba na vipande vya chuma, palikuwa na mtambo mdogo usiotosha hata redio, umejibanza pembeni kama mpangaji aliyechelewa kulipa. Sehemu iliyobaki ilijazwa na kifuko cha kitambaa kilichokaa sawasawa, kimeegemea feni mpaka haipumui. Akakibonyeza kwa ncha ya bisibisi. Kikatoa chembe mbili tatu. Mchanga.

Nyumba njema si mlango, fundi yeyote anajua. Lakini mchanga ule haukuwekwa kwa ajili ya mteja, maana mteja hajui uzito. Haukuwekwa kwa ajili ya umeme. Uliwekwa kwa ajili ya kiganja kimoja tu mjini, kiganja cha Sikio mwenyewe, kilichotoka kulipima boksi sasa hivi.

Kisha akakiona kitambaa. Kilikuwa cha buluu chenye mistari myeupe. Alikuwa na shati hilo. Mkono wa kulia wa shati uliungua kwa lehemu miaka mitatu nyuma, na alipouliza liko wapi aliambiwa limekuwa tambara. Kifuko kilishonwa kwa mshono mdogo uliorudi nyuma mara moja kila baada ya hatua nne. Aliujua mshono huo. Ulikuwa kwenye kola ya shati alilovaa wakati ule.

Bibi Chapa akainama kutazama. "Mungu wangu. Kumbe miezi yote hii nilikuwa nachapa ufukweni." Kisha akaona uso wake. "Fundi, wahenga walisema kikulacho..."

"Usiimalizie, Bibi. Tafadhali."

Bibi akarudi kwenye ndoo yake.

Sikio akamfungua Babu. Boksi la Babu aliliweka yeye mwenyewe enzi hizo kabla ya sheria. Akalihamishia kwenye mashine ya Bibi, akafunga skrubu nne, akawasha, akamwambia achape. Bibi akachapa pale pale kwenye meza ya jikoni, vidole vikilia kama mvua juu ya bati. Akafungua mapicha yote ya binti kwa pamoja. Mita ikakaa kumi na mbili, haikutikisika. Dakika ishirini zikapita, saa ikapita, jua likahama kutoka mezani mpaka mlangoni.

Yeye akatoka nje na simu.

"Shemeji!" Mizani akapokea, nyuma yake nyundo zinagonga, watu wanapigilia rafu. "Vipi, uji umeiva?"

"Nimefungua boksi."

Nyundo ziliendelea. "Boksi gani?"

"La Bibi Chapa."

"Wewe umefungua? Unataka kufa? Sheria yetu ilikuwaje?"

"Nimeona nilikuwa naifuata mimi peke yangu. Mizani, yale makreti mawili. Chakavu ile. Yamo maboksi mangapi mazuri ya watu?"

"Sikiliza, shemeji..."

"Nimeyainua mwenyewe. Magoti bado yananiuma."

Mizani akatoka mahali alipokuwa, maana nyundo zilisikika mbali. "Hebu niambie," akasema, na utani ulikuwa umemtoka, "wewe ungeacha lini? Nitajie mwaka. Jina lako mbele, langu nyuma. Mteja akiingia, 'Sikio yupo?' Mimi nimesimama hapa nilivyo, 'Sikio yupo?' Mimi nilikuwa nani, mzani wa sokoni?"

"Ungeniambia unataka karakana."

"Ungecheka. Ungesema, shika tochi."

Hilo Sikio alilijua kuwa kweli, na halikusaidia kitu. "Umenitazama mikono mwaka mzima," akasema. "Nilikuwa nashindwa kushika kikombe."

"Sikusema hata siku moja kuwa mikono yako ni mibovu."

"Hukusema. Ulitazama tu."

"Basi usinitwike peke yangu. Muulize dada ni nani aliyeshona."

Simu haikuaga. Ilikata.

Mpaka hapo Sikio alikuwa amejishikilia kwenye jambo moja: kwamba Mizani aliiba tambara na kujifunza mshono. Mtu akizama hushika hata jani. Akakichukua kile kifuko, akaingia chumba cha nyuma.

Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani, sketi ya mteja chini ya sindano. Sikio akakiweka kifuko juu ya meza ya cherehani, mbele ya mkono wake. Gurudumu likaenda mizunguko miwili zaidi, likasimama.

"Umefungua," akasema.

"Vilikuwa vingapi?"

Hakujifanya kutojua. "Thelathini na moja."

"Alikuambia ni vya nini?"

"Mara ya kwanza alisema vya kuzuia unyevu. Nilimwamini, ni mdogo wangu."

"Na mara ya pili?"

Akaiondoa sketi chini ya sindano, akaikunja, akaikunjua. "Mara ya pili alikuja na boksi zuri mkono huu na mchanga mkono huu, akaniambia nivishone vifikie uzito wa lile. Ndipo nikajua."

"Ukashona."

"Nikashona."

"Jioni unanikanda mikono."

"Ndiyo."

"Unajua kwamba ni mizima."

"Nilijua." Akainua macho. "Ulikuwa huachi, Baba Pacha. Watoto wamekua, wameondoka, wewe uko karakana. Kidole kimekufa leo, kesho umerudi karakana. Nikasema mtu huyu nitamtoa karakana siku moja juu ya mkokoteni. Yule alitaka karakana, mimi nilikutaka wewe. Nikaona safari ni moja."

"Ungeniambia. Ungesema, nakutaka nyumbani."

"Nilikuambia miaka kumi. Ulikuwa unasikiliza feni."

Kutoka chumba cha mbele vidole vya Bibi Chapa vilisikika havijasimama. Sikio alitaka kusema mambo mengi: juu ya kikombe, juu ya ile jioni aliyoketi peke yake bafuni akijaribu kufunga kifungo cha shati mara saba kwa hofu. Kati ya hayo, likatoka lile dogo kuliko yote.

"Shati la mistari nalo?"

"Lilikuwa limeungua mkono."

"Ungechukua gauni lako," Sikio akasema.

Akatoka. Jioni beseni likaletwa kama kawaida, maji ya moto, chumvi imeshatiwa. Sijui ni mazoea au ni kuomba msamaha. Huenda hata mwenyewe hakujua. Sikio akalinyanyua kwa mikono miwili, likiwa limejaa hadi ukingoni, akalipitisha sebuleni mpaka uani bila kumwaga tone, akalimwaga kwenye mfereji, akalisimamisha ukutani likauke.

Bibi Chapa aliimaliza tasnifu siku moja kabla ya muda wake. Binti alipata shahada, akatuma ujumbe wa simu wenye maneno mawili. Kompyuta ile ilifanya kazi miaka mitatu na miezi kadhaa, kisha ubao mkuu ukapasuka kwa uzee. Babu hakuwashwa tena; feni yake iko kwenye mashine ya kinyozi.

Mizani ana karakana yake mpaka leo, na wateja hawakosi. Jina la kwanza kwenye ubao amelifunika kwa rangi. Hapimi tena kwa kiganja; amenunua mzani wa dukani.

Sikio alianza kazi upya kwenye meza ya jikoni. Aliandika majina thelathini na moja ya wateja aliowakumbuka, akawazungukia kwa miguu. Mashine ishirini na nne alizipata na akazifungua maboksi mwenyewe, mkono mmoja mfukoni. Saba zilikuwa zimekwisha kuuzwa au kutupwa. Mikono haikutetemeka tena.

Pacha mmoja alikuja likizo, akauliza mjomba alihama kwa nini. Akaambiwa alipata mahali pakubwa zaidi.

Mama Pacha bado anashona chumba cha nyuma. Yeye na mumewe wanaishi nyumba ile ile na wanakula meza moja. Mashati yake yakichanika, Sikio huyapeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili.